Mbolea Kutoka Hewani

Ndugu mkulima, juu ya shamba lako kuna chakula kingi cha mimea. Kimo katika hewa. Ukigawa hewa mafungu 100, mafungu 78 ni naitrojeni. Mahindi yakikosa naitrojeni, majani hugeuka manjano na mavuno huwa haba.

Lakini mahindi hayawezi kula naitrojeni ya hewani. Kwa nini? Hewa imejengwa kwa chembe ndogo sana ziitwazo atomu. Atomu za naitrojeni zimeshikana mbili mbili, tena kwa nguvu. Lazima kwanza ziachanishwe.

Radi huweza kuziachanisha. Radi ni umeme unaopita hewani, na njia yake huwa na joto kali mno. Hapo atomu huachana. Atomu iliyoachana na mwenzake haikai peke yake. Hushika upesi nyingine iliyo karibu. Naitrojeni hushika oksijeni, mvua huiteremsha ardhini, nayo mimea huila. Lakini mbolea ya radi ni kidogo.

Mwaka 1903 watu wawili wa nchi ya Norway, Kristian Birkeland na Sam Eyde, waliiga kazi ya radi. Walitengeneza tanuri la umeme. Sumaku ilitandaza cheche ya umeme ikawa kama sinia la moto, lenye joto la nyuzi 3,000 hivi. Hewa ilipitishwa humo, kisha ikapozwa upesi. Ilipoingia katika maji, ilifanya asidi kali. Asidi hiyo na mawe ya chokaa vilitoa mbolea. Kiwanda chao kilianza kazi mjini Notodden mwaka 1905. Kilikula umeme mwingi sana. Baadaye zilipatikana njia za gharama ndogo, na tanuri hilo likaachwa.

Wewe huhitaji tanuri. Ng'oa mche wa kunde taratibu, utaona vinundu mizizini. Pasua kimoja. Kikiwa chekundu ndani, bakteria waliomo wanaichukua naitrojeni ya hewani na kuulisha mche, bila moto.

Basi panda kunde, choroko au maharage. Ukivuna, usichome mabaki. Yafukie shambani. Msimu ujao panda mahindi hapo.

Maswali
1. Kwa nini mahindi hayawezi kula naitrojeni ya hewani?
2. Radi hufanya nini hewani?
3. Kwa nini tusichome mabaki ya kunde?