Mkasi wa Nyumbani: Kuosha Kwanza, Kuchemsha Baadaye

Katika nyumba nyingi mkasi ni mmoja na kazi zake ni nyingi. Asubuhi hukata bandeji ya mgonjwa, mchana hukata uzi, jioni hukata kucha za watoto. Kibano cha kutolea miiba na kikata kucha navyo hupita mkono kwa mkono. Vikifutwa kwa kitambaa vikang'aa, huhesabiwa kuwa safi. Hata hivyo, virusi vya homa ya ini aina ya B huweza kuishi nje ya mwili kwa muda wa siku 7 au zaidi, hata katika doa la damu lisiloonekana kwa macho. Kwa mtu mwenye kisukari ambaye miguu yake imeingia ganzi, mchubuko mdogo wa kikata kucha unaweza kugeuka donda ndugu.

Walio wengi, wanapokumbuka hatari hiyo, hukimbilia dawa. Huo ni mwanzo usio sahihi. Damu, usaha na mafuta hufunika vijidudu na kuvikinga, na klorini hupoteza nguvu inapokutana na uchafu huo. Kifaa kisichooshwa hakitakasiki.

Kwa hiyo kazi huanza kwa maji ya baridi na sabuni. Maji ya moto yasitangulie, kwa kuwa hugandisha damu juu ya chuma. Mwoshaji avae glovu, aupanue mkasi, kisha asugue meno na maungio yake kwa mswaki uliotengwa kwa kazi hiyo. Asugue kifaa kikiwa ndani ya maji, ili matone yasimrukie usoni. Baada ya hapo kisuuzwe.

Hatua ya pili ni kuchemsha. Vifaa vya chuma kitupu viwekwe katika sufuria, mkasi ukiwa wazi, na maji yavifunike vyote. Dakika 20 huhesabiwa tangu maji yanapotokota, si tangu sufuria inapotengwa jikoni. Kikiongezwa kifaa kingine katikati, hesabu ianze upya. Katika nyanda za juu kama Njombe, ambako maji huchemka kabla ya kufikia nyuzi joto 100, muda huo usipunguzwe hata kidogo.

Kupitisha mkasi juu ya ndimi za moto hakuchukui nafasi ya kuchemsha. Joto lake halienei sawasawa, masizi hubaki juu ya chuma, na makali huharibika.

Vifaa vyenye mpini wa plastiki usiostahimili maji yanayochemka, vikiisha kuoshwa na kukaushwa, vinaweza kulowekwa kwa dakika 10 katika spiriti ya hospitali yenye asilimia 70 ya alkoholi, mbali na moto. Spiriti kali zaidi si bora zaidi, kwa sababu alkoholi huhitaji maji kiasi ili ivunje protini za vijidudu. Klorini nayo hutakasa: dawa ya madoa yenye asilimia 3.5, kipimo kimoja kwa vipimo sita vya maji, kwa dakika 10. Lakini hula chuma, hivyo kifaa kisuuzwe mara moja kwa maji yaliyochemshwa. Spiriti na klorini kamwe visichanganywe.

Mwisho, vifaa vikaushwe kabisa na kuhifadhiwa katika chombo safi chenye kifuniko. Vikiachwa majini hushika kutu, na vishimo vya kutu huwa maficho ya vijidudu. Mkasi ulioliwa na kutu uondolewe katika kazi za kidonda.

Yote haya yana mpaka wake. Kuchemsha huua virusi na bakteria walio wengi, lakini mbegu sugu za bakteria wa pepopunda huweza kustahimili. Hospitalini hizo huangamizwa kwa mvuke wenye mgandamizo, wa nyuzi joto 121. Ndiyo maana kitovu cha mtoto mchanga hakifai kukatwa kwa mkasi wa nyumbani. Mama anapojifungua kwa dharura njiani au nyumbani, wembe mpya uliotoka katika karatasi yake ni salama zaidi, na chanjo ya pepopunda aliyoipata kliniki humkinga yeye na mwanawe. Sindano na nyembe zilizokwisha kutumika hazichemshwi ili zitumike tena; hutupwa katika chombo kigumu.

Mhudumu wa afya anapomruhusu mgonjwa mwenye kidonda kurudi nyumbani, ni vema amwulize bandeji itakatwa kwa kitu gani, na nani mwingine hukitumia. Mkasi mmoja uliotengwa kwa ajili ya kidonda, ukaoshwa, ukachemshwa na kukaushwa, hauhitaji fedha nyingi. Unahitaji sabuni, sufuria, na dakika 20 zilizohesabiwa kwa uaminifu.