Mgonjwa wa mrija akirudi nyumbani: Dalili usizofaa kupuuza

JE, msomaji, ungefanya nini iwapo mrija anaolishwa nao mzazi wako ungechomoka usiku wa manane? Huenda ukadhani jambo la busara ni kuuosha na kuurudisha upesi. Kumbe hatua hiyo yaweza kumuua.

Mrija huu hupitishwa kwenye ngozi ya tumbo hadi ndani ya mfuko wa chakula. Huwekewa wasioweza kumeza: wenye saratani ya umio, ugonjwa unaowapata watu wengi katika sehemu za Bonde la Ufa, waliopatwa na kiharusi, na hata watoto waliokunywa kemikali zilizowaunguza koo.

Zamani ilibidi tumbo lipasuliwe. Mwaka wa 1980, madaktari Gauderer na Ponsky wa Marekani walitangaza njia ya kuuweka kwa msaada wa kamera inayopitia kinywani. Baadaye ikaja laparoskopi, ambapo daktari hutoboa matundu madogo, akajaza gesi tumboni na kuongozwa na kamera. Njia hii hufaa hasa wakati umio umezibwa na uvimbe.

Kwa kuwa vidonda ni vidogo, aghalabu mgonjwa hurudi nyumbani mapema. Hapo ndipo wajibu wako unapoanza.

Akilalamika kwamba bega linamuuma siku ya kwanza au ya pili, usiwe na hofu nyingi. Hiyo ni kawaida, kwani gesi iliyobaki husumbua kiwambo kilicho chini ya mapafu. Lakini tumbo likiwa gumu kama ubao, homa ikipanda, akitapika, au akihisi maumivu makali unapomlisha, acha kumlisha mara moja na umkimbize hospitalini. Yamkini chakula kinavuja nje ya mfuko wake na kuingia tumboni. Uambukizo wa namna hiyo huua kwa muda mfupi.

Tukirudi kwa mrija uliochomoka, tundu jipya huhitaji majuma kadhaa kabla ya kukomaa. Kabla ya hapo, mfuko wa chakula waweza kubanduka kutoka kwenye ukuta wa tumbo. Ukiusukuma mrija ndani, huenda ukaingia pembeni, na uji ukamiminika kusikofaa. Funika tundu kwa kitambaa safi, usimpe chochote, kisha muone daktari. Hata tundu lililokomaa huanza kuziba kwa muda wa saa chache tu, kwa hivyo usingoje mapambazuko.

Kuna matatizo mengine yasiyo ya dharura. Ngozi ikiwa nyekundu na yenye usaha, ni dalili ya uambukizo. Nyama laini nyekundu inayoota kando ya tundu hutibika kliniki. Nao mrija usiosogea kabisa, hali ulikuwa ukisogea kidogo, uonyeshe daktari. Pengine kizuizi chake cha ndani kimezama katika ukuta wa mfuko wa chakula.

Tatizo la kila siku ni kuziba. Uji mzito na vidonge visivyosagwa vizuri ndivyo hasa huleta balaa hii. Pitisha maji safi yaliyochemshwa yakapoa, kabla na baada ya kila mlo, kwa kiasi ulichoagizwa. Ukiziba, jaribu maji vuguvugu polepole kwa sirinji. Usitumie waya kamwe. Muulize muuguzi ni dawa zipi hazifai kusagwa.

Unapomlisha, mwinue kichwa na kifua, na akae hivyo kwa nusu saa hadi saa moja baadaye ili chakula kisipande na kuingia mapafuni.

Kabla ya kutoka hospitalini, omba uoneshwe kazi hii, kisha uifanye wewe mwenyewe muuguzi akikutazama. Andika tarehe mrija ulipowekwa, aina yake na ukubwa wake, na nambari ya simu ya wodi. Karatasi hiyo ibandike ukutani, mahali ambapo hata yaya ataiona.