Ukitoka Kimandolu kwenda kuzeekea pwani

Juni ikifika na baridi ya Mlima Meru ikashuka mpaka Kimandolu, hapa Arusha, wastaafu wenye magoti mabovu huanza kuzungumzia pwani. Sisi wathamini wa ardhi huulizwa swali moja tu: kiwanja Pangani ni shilingi ngapi? Kwa mtu mwenye miaka 62, swali hilo limewahi mno. Kiwanja hulipiwa mara moja, lakini safari ya kwenda kwa daktari wa presha hulipiwa kila mwezi, na haipungui kadiri umri unavyosonga.

Kwanza tuangalie fedha yenyewe. Kikokotoo cha mafao ya kustaafu kilichoanza kutumika Julai 2022 kiliweka malipo ya mkupuo kuwa asilimia 33. Bajeti ya 2024/25 ikaupandisha hadi asilimia 40 kwa waliokuwa wakipata 50 zamani, na 35 kwa waliokuwa wakipata 25. Kwa hiyo sehemu kubwa ya haki yako itakuja kidogo kidogo kila mwezi. Ukiuzika mkupuo wote kwenye kiwanja cha ufukweni, utabaki na bahari ya kutazama na nyumba iliyoishia kwenye lenta.

Nyumba ya Kimandolu usiiuze. Ipangishe, pamoja na vile vyumba vya uani, na kodi yake ikulipie pango huko uendako. Arusha ardhi imepanda sana. Aliyeuza leo akataka kurudi baada ya miaka mitatu atajikuta anatafuta kiwanja mbali kabisa na mji.

Sasa, mji gani? Kwa mtu wa Arusha jibu langu ni Tanga. Basi la asubuhi hupita Moshi, Same, Korogwe na Segera, na jioni umeshafika. Wajukuu wanaweza kuja likizo bila kulala njiani. Hospitali ya rufaa ya mkoa, Bombo, iko mjini, tena karibu na bahari. Maji ya bomba ni ya kuaminika kuliko miji mingi ya pwani: mamlaka ya maji ya Tanga ndiyo iliyouza hatifungani ya kijani ya shilingi bilioni 53.12 mwaka 2024 ili kupanua huduma. Mtu wa Meru, aliyezoea kusikia habari za floridi inayotia meno rangi ya kahawia, ajue kwamba pwani adui hubadilika akawa chumvi. Onja maji ya kisima kabla hujauliza bei. Raskazone ni ghali. Tafuta Mikanjuni au Pongwe. Upande wa Chongoleani, bomba la mafuta kutoka Hoima limewachangamsha madalali, kwa hiyo bei za huko zipokee kwa tahadhari.

Pangani ni pazuri na ni tulivu, lakini ugonjwa mkubwa bado utakurudisha Tanga mjini. Lindi na Mtwara maisha ni nafuu, ila ukitokea Arusha ni mbali mno. Mei 2024, kimbunga Hidaya kilipopita, mafuriko yalikata barabara ya kusini eneo la Somanga na magari yakakwama. Nenda huko kama una ndugu, vinginevyo hapana.

Mwili nao una masharti yake. Arusha ni miongoni mwa mikoa yenye malaria kidogo kabisa nchini, kwa hiyo aliyeishi huko miaka mingi hushuka pwani akiwa na kinga hafifu. Chandarua ni lazima, na homa usiibatize jina la mafua. Kama unameza vidonge vya presha vya kukojoza, mwambie daktari kwamba unahamia kwenye joto. Jasho na dawa vikikutana huleta kizunguzungu, na mzee akianguka nyonga huvunjika.

Wageni kutoka bara huumizwa zaidi kwenye ununuzi wa ardhi. Shamba la pwani mara nyingi ni la urithi, na warithi wake wametawanyika Dar es Salaam, Unguja hata Muscat. Sahihi ya kaka mkubwa peke yake haitoshi. Halafu kuna minazi. Kwa desturi ya pwani, mwenye mti anaweza kuwa mtu mwingine kabisa na mwenye ardhi. Unalipa, unaweka uzio, kisha anakuja bibi mmoja na mwangushaji wake kuchukua nazi zake, na haki anayo. Uliza miti ni ya nani, na jibu liandikwe kwenye mkataba. Upekuzi ufanyike kwa Msajili wa Hati. Kwa dalali hakuna upekuzi. Kumbuka pia Sheria ya Mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ufukweni, kwa hiyo kile kiwanja "cha kugusa maji" huenda hakijengeki.

Hata ukipata kilicho halali, jirani wa bahari hubadilisha bati mapema, maana chumvi hula misumari kwanza, kisha mabati. Kaa kilomita moja au mbili ndani, upepo utakufikia vilevile.

Nawasihi wastaafu wenzangu watarajiwa: kabla ya kutoa arbuni yoyote, pangeni chumba Tanga kuanzia Desemba hadi mwisho wa Mei, joto la kaskazi na matope ya masika yote yawapitie. Mke au mume naye awepo. Mmoja wenu akishindwa, rudini Kimandolu. Nyumba bado ni yenu.