Miguu ya Kubeba Lenzi Nzito

Mpiga picha wa ndege na wanyama huweza kuweka akiba kwa miaka mingi ili anunue lenzi ndefu, kisha akaipandisha juu ya tripodi dhaifu iliyokusudiwa kamera ndogo ya nyumbani. Juu ya majabali ya maporomoko ya Murchison nchini Uganda, pale Mto Naili unapojipenyeza katika ufa wenye upana wa mita 7 hivi, nilimwona mwenzangu akipata hasara kwa sababu hiyo. Alilegeza skrubu ya kichwa ili ageuze kamera. Lenzi ikainama ghafla kwa uzito wake, miguu ikaifuata, na kioo cha mbele kikagonga jabali. Matengenezo yalimgharimu kuliko ile tripodi madhubuti aliyoikataa dukani kwa kuiona ghali.

Yafaa kwanza tueleze ukorofi wa lenzi hizi. Lenzi ya milimita 600 huona pembe ya nyuzi 4 tu. Ncha yake iliyo sentimita 30 kutoka kwenye kichwa ikishuka kwa milimita 1 peke yake, shabaha iliyo umbali wa mita 100 huhama kwa sentimita 33. Mtikisiko huo ukitokea wakati picha inapigwa, ndege hatakuwa na jicho wala unyoya, bali ukungu mtupu. Ni kweli kwamba uzito umepungua: lenzi ya Canon ya milimita 600 f/4 iliyotoka mwaka 1999 ilikuwa na kilo 5.36, na ile ya mwaka 2018 ina kilo 3.05. Lakini pembe ni ile ile, na mtikisiko hauna huruma.

Kwa hiyo mnunuzi asidanganywe na idadi ya kilo iliyoandikwa kwenye boksi, kwani kila kiwanda hupima kwa njia yake. Na atazame unene wa bomba la juu la mguu. Aisimamishe tripodi, aikamate kichwani na kuisokota, ikijipinda, airudishe. Miguu yenye vipande vitatu aghalabu ni imara kuliko yenye vinne. Nguzo ya katikati ni bora isiwepo kabisa, maana ikiinuliwa hugeuka kuwa fimbo moja inayoyumba juu ya miguu mitatu. Tangu kampuni ya Gitzo, iliyoanzishwa Ufaransa mwaka 1917, ilipotoa tripodi za nyuzi za kaboni mwaka 1994, wapandaji wa milima wamepata nafuu ya mabega. Lakini aluminiamu nene bado inashinda kaboni nyembamba.

Kuhusu kichwa, kile cha gololi ni chepesi na hufaa kwa mandhari, ila gololi ikilegezwa mzigo wote huanguka upande mmoja, kama ilivyomtokea mwenzangu. Kwa lenzi nzito hapana budi kutumia kichwa cha bembea, ambacho kampuni ya Wimberley ya Marekani ilikifanya kijulikane sana. Humo lenzi huning'inia kwenye kitovu cha uzito wake. Mpiga picha hufunga mguu wa lenzi, wala si kamera, kwenye kibao, kisha hukisogeza mbele na nyuma hadi lenzi itulie popote inapoachwa, hata skrubu zikiwa zimelegea. Hapo kidole kimoja kinatosha kumfuata tai angani.

Hata hivyo, katika mashua za Mfereji wa Kazinga tripodi hupokea mtetemo wa injini na kuupeleka moja kwa moja kwenye kamera, na ndani ya gari haina nafasi. Wenye uzoefu hubeba mfuko mtupu wa kitambaa kigumu, wakaujaza maharagwe sokoni na kulaza lenzi juu yake dirishani. Safari ikiisha, maharagwe hupikwa.