Upangaji wa Uchujaji na Mkondo wa Maji katika Tangi la Matumbawe la Nyumbani

1.0 Utangulizi

Tangi la matumbawe la nyumbani ni chombo cha kioo chenye maji ya chumvi ambamo matumbawe hai hufugwa pamoja na samaki na viumbe wengine wa mwambani. Tofauti yake na bahari si ukubwa peke yake. Baharini, taka za kiumbe mmoja huchukuliwa na maji na kuwa chakula cha kiumbe mwingine. Tangini, taka hubaki palepale mpaka ziondolewe au zigeuzwe. Kosa dogo la mpango hujilimbikiza siku hadi siku, na gharama yake ni uhai. Aghalabu matumbawe magumu hukua polepole, na yote yamo katika Kiambatisho cha II cha Mkataba wa CITES unaodhibiti biashara ya kimataifa ya viumbe wa porini. Tumbawe linalokufa tangini si hasara ya mfugaji pekee, hasa iwapo lilitolewa baharini.

Mara nyingi vichujio na pampu za mkondo hushughulikiwa kama mahitaji mawili yasiyohusiana. Makala hii inafafanua kwamba ni mpango mmoja, kwa kuwa kichujio hakiwezi kusafisha maji yasiyokifikia. Ufafanuzi unaongozwa na mfano wa tangi kuu lenye urefu wa sm 120, upana wa sm 50 na kimo cha sm 50, yaani lita 300, pamoja na tangi la chini lenye urefu wa sm 80, upana wa sm 40 na kimo cha sm 40. Tangi hilo la chini ndilo linalohifadhi vifaa vya kuchuja. Vipimo vyote ni vya ndani.

2.0 Misingi ya Uchujaji

Samaki hutoa amonia kupitia matamvua, na mabaki ya chakula huizalisha yanapooza. Ukali wa sumu hii huongezeka kadiri pH inavyopanda. Kwa kuwa pH ya maji ya bahari huwa takriban 8.1 hadi 8.3, kiasi cha amonia kinachovumilika katika maji baridi yenye pH 7 kinaweza kuua katika maji ya chumvi.

Kinga ya kwanza ni bakteria wanaoishi juu ya mawe na mchanga. Hawa huigeuza amonia kuwa nitriti, kisha nitrati, na kazi yao huhitaji oksijeni. Ndani ya vinyweleo vya jiwe, ambako oksijeni ni haba, bakteria wa aina nyingine huigeuza nitrati kuwa gesi ya nitrojeni. Jiwe moja huweza kubeba hatua zote hizi, ilimradi maji yapite juu yake bila kukoma. Wazo la kuyategemea mawe ni la siku nyingi. Lee Chin Eng wa Jakarta alilieleza mwaka 1961, akitumia mawe yaliyotolewa baharini na viputo vya hewa. Baadaye wafugaji wa Berlin waliyaunganisha mawe hayo na kiengua povu pamoja na mwanga mkali, na mfumo wao ukapewa jina la mji huo.

Kiengua povu ni mnara ambamo hewa husagwa kuwa viputo vidogo sana. Protini na mafuta yaliyomo majini hunata kwenye uso wa viputo, hupanda pamoja navyo na kumwagikia kwenye kikombe. Kifaa hiki hakiondoi amonia wala nitrati. Huondoa mali ghafi yake kabla haijaoza. Vilevile huingiza oksijeni majini.

Mfuko wa kuchuja hunasa chembe, lakini chembe zilizonaswa zingali ndani ya maji. Usipooshwa kila baada ya siku mbili au tatu, mfuko huo huwa chanzo cha nitrati badala ya kuwa kinga. Mwani unaokuzwa katika tangi la chini hufyonza nitrati na fosfeti, nazo hutoka tangini pale tu mwani unapovunwa.

3.0 Kazi ya Mkondo

Tumbawe halina matamvua wala moyo. Oksijeni, kaboni na virutubisho huingia mwilini mwake kwa kupenya utando mwembamba wa maji tulivu unaoufunika uso wake, na taka hutoka kwa njia hiyohiyo. Mkondo ukiwa dhaifu, utando huo huwa mnene na mabadilishano hupungua, hata kama maji yanayolizunguka tumbawe ni safi. Nakamura na van Woesik, katika utafiti wao wa mwaka 2001, waliihusisha kasi ya maji na tofauti za kunusurika kwa matumbawe katika tukio la kupauka la mwaka 1998.

Mkondo una kazi ya pili, nayo ni kuinua chembe kabla hazijatulia na kuzipeleka kwenye njia ya kushukia. Mawe yaliyorundikwa na kuegemezwa ukuta wa nyuma huacha pembe za maji tuli ambamo taka huoza. Kwa sababu hiyo, mpangilio wa mawe ni sehemu ya uchujaji, na unapaswa kuamuliwa kabla ya pampu kununuliwa.

4.0 Ukokotoaji wa Mtiririko

Wafugaji wengi hupitisha maji katika tangi la chini mara 3 hadi 5 ya ujazo wa tangi kuu kwa saa. Kwa mfano huu, mara 4 ni lita 1,200 kwa saa. Kuzidisha sana hakuna faida, kwani maji yanayozidi uwezo wa kiengua povu hurudi juu bila kuenguliwa. Pampu ichaguliwe kwa kusoma mchoro wa uwezo wake katika kimo halisi cha kupandisha maji, kwa kuwa kiasi kinachotajwa kwenye kasha ni cha pampu isiyopandisha maji popote.

Je, lita 1,200 zinatosha pia kuwa mkondo wa matumbawe? Zikisambaa sawasawa katika mkato wa sm 50 kwa sm 50, maji husogea kwa sm 0.13 tu kwa sekunde. Pampu za mkondo zenye jumla ya lita 10,000 kwa saa, yaani mara 33 ya ujazo wa tangi, hutoa wastani wa sm 1.1 kwa sekunde kwa hesabu hiyohiyo. Katika miamba mingi ya asili, kasi ya sm 10 hadi 20 kwa sekunde ni ya kawaida.

Hesabu hii inadhihirisha mambo mawili. Kwanza, pampu ya kurejesha haiwezi kufanya kazi ya pampu za mkondo. Pili, idadi ya "mara kwa saa" haitoshi kuwa kipimo. Pampu yenye mdomo mpana huburuta maji ya jirani na kuyasukuma mengi zaidi ya yale yanayopita ndani yake, ilhali mdomo mwembamba huweza kuchana tishu za tumbawe lililo mbele yake. Pampu mbili zinazopokezana kutoka pande mbili huiga mvumo wa mawimbi na kuondoa pembe tuli. Matumbawe laini huridhika na mkondo wa wastani. Acropora huhitaji mkondo mkali unaobadilika.

Njia ya kushukia ianzie kwenye uso wa maji, kwa sababu mafuta na protini hukusanyika hapo. Pampu mojawapo ielekezwe juu ili iuvunje utando huo na kuusogeza kwenye njia hiyo. Hapo mkondo na uchujaji huwa kitu kimoja.

5.0 Umeme Unapokatika

Mpango hupimwa pale pampu zinapozima. Hatari ya kwanza ni mafuriko. Kila sm 1 ya kimo cha tangi kuu ni lita 6. Ikiwa mdomo wa bomba la kurejesha uko sm 3 chini ya kingo ya kushukia, sifoni itavuta lita 18. Maji yaliyo juu ya kingo, takriban sm 1, ni lita 6, na yaliyomo mabombani yakadiriwe kuwa lita 6 nyingine. Jumla ni lita 30. Katika tangi la chini, ambamo kila sm 1 ni lita 3.2, maji yatapanda kwa sm 9.4. Hivyo kina cha kawaida kisizidi sm 28, ili maji yakomee takriban sm 37.4. Valvu ya kuzuia maji kurudi haifai kuwa kinga pekee, kwani chokaa na viumbe wadogo huizuia isijifunge.

Hatari ya pili haionekani kwa macho. Katika nyuzi 25 za Selsiasi, maji ya bahari yaliyoshiba hewa huwa na takriban miligramu 6.7 za oksijeni kwa lita. Tangi zima la lita 300 lina gramu 2 tu. Usiku, pasipo mwanga, samaki, matumbawe na bakteria wote huitumia akiba hiyo, na uso wa maji uliotulia huijaza polepole mno. Pampu moja ndogo ya mkondo inayotumia betri, ikielekezwa kwenye uso wa maji, hulinda uhai katika saa hizo kuliko kichujio chochote cha ziada.

6.0 Hitimisho

Mpango unaofaa huanza na mahitaji ya matumbawe yaliyokusudiwa, hufuatiwa na mpangilio wa mawe, mkondo wa ndani, njia ya kushukia, tangi la chini, na mwisho pampu ya kurejesha. Kabla ya kiumbe yeyote kuingizwa, umeme uzimwe kwa makusudi na kina cha maji kipimwe katika matangi yote mawili. Pale fedha zinapokuwa chache, betri ya pampu ya mkondo itangulie kichujio cha pili, kwa kuwa ukosefu wa oksijeni huua kwa saa chache, ilhali nitrati hudhuru polepole na humpa mfugaji muda wa kurekebisha.