Maua ya Mbololo, Daftari la Marekani

Mwaka 2012 tunguu moja la Galanthus, ua dogo jeupe linalochanua Ulaya baridi ikiwa bado kali, liliuzwa kwenye mnada wa mtandaoni Uingereza kwa pauni 725. Mnunuzi hakuwa tajiri aliyeishiwa na la kufanya. Ilikuwa kampuni ya mbegu, iliyojua inanunua mama wa maelfu ya matunguu mengine. Aina yenyewe inaitwa Elizabeth Harrison, na ughali wake ulitokana na madoa ya njano mahali ambapo wenzake wana kijani. Basi, hilo tu. Kuna watu wazima ambao kila Februari hupiga magoti kwenye tope kukagua madoa hayo, kisha hubishana kuhusu majina hadi jioni.

Mkazi wa Voi, mwenye vumbi jekundu na jua la Tsavo, ana haki ya kucheka. Lakini biashara ya aina hiyo hiyo inafanywa kwa mimea iliyotoka kwenye vilima anavyoviona kila akifungua dirisha. Tofauti ni kwamba fedha zake hazipiti Voi.

Tuanze na Mbololo, kilima cha Taita kilichotengwa na kile cha Dawida kwa bonde la Paranga. Katika kivuli cha msitu wake, kwenye miamba yenye unyevu, huota mmea mdogo wenye majani manene yenye vinyweleo na maua ya urujuani. Mtaalamu B. L. Burtt wa bustani ya mimea ya Edinburgh aliuandika rasmi mwaka 1958 kwa jina la Saintpaulia teitensis. Hakuna kwingine duniani unakoota wenyewe.

Ndugu zake wa Tanzania ndio waliotengeneza fedha. Mwaka 1892 Walter von Saint Paul-Illaire, mtawala wa Kijerumani wa wilaya ya Tanga, alipeleka Saintpaulia ya Usambara kwa baba yake Ujerumani. Mwaka uliofuata Hermann Wendland wa bustani za Herrenhausen akaipa jina la familia hiyo, na kampuni ya Ernst Benary ya Erfurt ikaanza kuuza mbegu. Miaka ya 1920 kitalu cha Armacost and Royston, Los Angeles, kiliagiza mbegu kutoka Ujerumani na Uingereza, kikaotesha miche mingi na kuchagua aina 10 tu za kuuza. Mojawapo, Blue Boy, ndiyo mzazi wa aina nyingi zilizokuja baadaye. Mwaka 1946 wapenzi wa ua hilo walikutana Atlanta wakaunda chama chao, African Violet Society of America. Mwaka 1977 familia ya Holtkamp ya Ujerumani ikafungua vitalu Nashville, Tennessee, na kuuza kwa jina la Optimara. Leo ua hili hukaa madirishani mwa watu ambao hawawezi kuionyesha Tanga kwenye ramani.

Chama kilichoundwa Atlanta ndicho kinachostahili kutazamwa na mtu wa biashara kuliko yote hayo. Ndicho kinachoshika daftari la kimataifa la majina ya aina za Saintpaulia. Anayezalisha aina mpya huipeleka huko ikaandikwa: rangi ya ua, umbo la petali, aina ya jani, wazazi wake. Aina isiyo na jina ni ua la kuweka jikoni. Ikiwa na jina na kumbukumbu, inanunuliwa na mkusanyaji, na mkusanyaji halipii urembo peke yake. Analipia uhakika kwamba alichonacho ndicho kilichoandikwa kwenye kibandiko.

Uhakika huo ni kazi, na si rahisi. Burtt alitenganisha spishi za Saintpaulia kwa kuangalia vinyweleo vya jani: virefu au vifupi, vimesimama au vimelala. Kwa njia hiyo spishi zilifika karibu 20. Mwaka 2006 Iain Darbyshire, akiandikia kitabu kikuu cha mimea ya Afrika Mashariki ya tropiki, alizipunguza hadi 6. Ile ya Mbololo ilibaki spishi kamili. Ile ya miamba ya chokaa ya Kaloleni, Kilifi, ikashushwa cheo na kuwa nususpishi. Mwaka 2015 utafiti wa vinasaba ukaingiza jenasi nzima ndani ya Streptocarpus. Wauzaji hawakutikisika, vibandiko bado vinasema Saintpaulia. Wakusanyaji nao hupenda kuandika mahali mmea ulipotoka, hivyo kuna vyungu ng'ambo vyenye maneno Cha Simba, jina la mahali katika eneo la Kaloleni. Soko limekwisha kukubali kwamba asili ina thamani, ila wenye asili hawajaleta bili.

Mtaji wa kuanzisha kitalu ni mdogo, jambo ambalo wapangaji wa maendeleo ya kaunti wangelipenda. Jani moja lenye kikonyo, likichomekwa kwenye mchanga wenye unyevu, hutoa miche kadhaa baada ya wiki chache. Hata hivyo kuna aina zenye maua ya mistari ambazo hazikubali njia hiyo. Jani lake huzaa ua la rangi moja, kwa hiyo lazima mwenye kitalu asubiri machipukizi ya pembeni. Zile ndizo za bei. Anayejua tofauti hii anafanya biashara, na asiyeijua anauza miche.

Mmea wa pili hauna huruma kama huo. Ukiondoka Voi kuelekea Mombasa, Maungu ipo njiani, na kwenye vilima vyake vinavyonasa ukungu kuna jamaa wa mitapo ya pwani anayeitwa kisambo. Robert Faden na Henk Beentje walimwandika mwaka 1989 kama Encephalartos kisambo, wakilichukua jina la wenyeji lilivyo. Nje ya nchi wanamwita kwa jina la Voi. Mimea hii ni ya kale kuliko maua, huzaa koni, na mti wa kiume si wa kike. Mwenye mti mmoja bustanini hapati mbegu hata akisubiri miaka 50. Afrika Kusini kuna mfano wa kusikitisha wa Encephalartos woodii: John Medley Wood aliukuta mti mmoja wa kiume msitu wa Ngoye mwaka 1895, na yote iliyopo leo ni vipande vyake, yote dume.

Uhaba wa namna hiyo huvutia pesa, na pesa huvutia majembe usiku. Ndiyo maana jenasi nzima ya Encephalartos iko kwenye Kiambatisho cha Kwanza cha CITES, mkataba wa biashara ya kimataifa ya viumbe vilivyo hatarini, mbegu zikiwemo. Kuuza nje mti uliong'olewa mwituni ni marufuku. Lakini mkataba huo huo una mlango ambao watu wetu hawausemi sana: mmea uliooteshwa kitaluni, kwenye kitalu kilichosajiliwa, unaweza kuuzwa kwa kibali. Miche ya kisambo inauzwa kihalali katika vitalu vya Afrika Kusini na Florida. Anayeuza mche huo Florida hajawahi kupanda Maungu, na hahitaji.

Sheria zetu nazo si chache. KWS husimamia CITES, KEPHIS hukagua afya ya mimea na kusajili haki za wazalishaji wa aina mpya, na NEMA hutoa kibali cha kuchukua rasilimali za kijenetiki chini ya kanuni za mwaka 2006. Msitu wenyewe uko chini ya Huduma ya Misitu, ambayo chini ya sheria ya 2016 inaweza kuingia mkataba na vyama vya misitu vya jamii. Kijana wa Mbololo anayetaka kuanzisha kitalu anakabiliwa na ofisi nne kabla hajachomeka jani la kwanza. Mng'oaji wa usiku hapiti hata moja. Mimi naona kosa la sera liko hapo.

Uturuki ilikuwa na shida hiyo hiyo kwa Galanthus. Matunguu ya mwituni yalichimbwa na kupelekwa kwa wafanyabiashara wa Uholanzi kwa wingi mno. Miaka ya 1990 mradi mmoja uliwasaidia wanavijiji wa milima ya Taurus kupanda matunguu mashambani mwao, ili soko lipate tunguu lililolimwa na si lililoibwa. Idadi ya kuuza nje ikawekewa kiwango. Mnunuzi wa Ulaya alipewa kitu alichokuwa tayari kukilipia: karatasi inayosema tunguu limetoka wapi.

Na biashara ya karatasi si ngeni Taita Taveta. Vito vya kijani vilivyochimbwa hapa tangu miaka ya 1970 vilipewa jina la soko, tsavorite, na kampuni ya Tiffany ya New York mwaka 1974. Mwaka 2011 mradi wa Kasigau ulikuwa wa kwanza duniani wa kulinda misitu kupata vocha za kaboni chini ya viwango vya VCS. Kaboni haina harufu wala rangi, bidhaa ni hesabu yake. Kaunti iliyouza hesabu ya hewa haiwezi kushindwa kuuza hesabu ya ua.

Msitu wa Mbololo hauhitaji wakusanyaji wengi. Unahitaji mimea mama michache iliyotolewa kwa kibali mara moja, ikapewa namba, mahali na tarehe, nakala kavu ikahifadhiwa kwenye hebaria ya Nairobi, kisha kila mche uuzwe na namba hiyo. Wazee wa Dawida walilinda fighi, misitu yao mitakatifu, bila karatasi yoyote, lakini mnunuzi wa Stuttgart hawajui wazee hao.

Kwa sasa kinachouzwa zaidi kwenye vyungu barabarani ni waridi la jangwani. Linavumilia ukame, linapendwa na hoteli, na mashina yake manene huchimbwa porini kwa sababu kungoja mche wa mbegu unenepe ni miaka. Thailand na Taiwan wamelizalisha likawa na maua mawili-mawili ndani ya moja, kila aina na jina lake. Muuzaji wa Voi anakuuliza unataka jekundu au la waridi.