Samadi iliyokauka bado haijaiva

Samadi ya kuku iliyoanikwa juani wiki mbili haitoi tena harufu kali, na ukiifikicha inamomonyoka mkononi. Wakulima wengi wa mboga huiona iko tayari. Lakini bakteria wa salmonela huweza kuishi humo kwa wiki nyingi, na wakishakauka huwa wagumu kuuawa na joto kuliko walipokuwa kwenye unyevu.

Mchicha una nafuu, kwa kuwa huishia jikoni. Hofu yangu ni giligilani, saladi na karoti, ambazo husuuzwa harakaharaka na kuliwa mbichi. Kwa anayetumia samadi mbichi, kanuni za kilimo hai za Marekani humtaka asubiri siku 120 kabla ya kuvuna zao linalogusana na udongo. Giligilani huvunwa ndani ya mwezi mmoja au miwili! Mwenye bustani ya matuta machache hawezi kungoja hivyo. Kinachomfaa ni joto.

Joto lenyewe halinunuliwi. Vijiumbe vinavyoozesha biwi la samadi iliyochanganywa na maranda hadi iwe mboji hulizalisha, mradi vipate hewa na maji. Kamata konzi moja ya mchanganyiko huo uikamue: likitoka tone moja au mawili, unyevu unatosha. Kanuni hizohizo za Marekani hutaka biwi la wazi libaki kati ya nyuzi 55 na 77 za Selsiasi kwa siku 15, likipinduliwa angalau mara tano. Katika viwanda vya mboji vya Ulaya, kipimo cha kawaida ni nyuzi 70 kwa dakika 60. Hapo salmonela na mayai ya minyoo hayafui dafu.

Kazi inayorukwa sana ni kupindua, nayo ndiyo ya lazima kuliko zote. Kitovu cha biwi kinaweza kuwa cha moto usioshikika, huku tabaka la nje likiwa vuguvugu tu, na vijidudu vinaendelea kuishi hapo. Kila unapopindua, cha nje kiingie ndani.

Asiye na kipimajoto hutumia fimbo ndefu iliyochongwa, akaichomeka mshazari hadi katikati. Ikichomolewa baada ya siku kadhaa ikawa ya moto, mambo yanaendelea. Ikiwa baridi na kavu, nyunyiza maji. Ikiwa baridi na inanuka uvundo, maji yamezidi, ongeza maranda makavu upindue. Ila fimbo haiwezi kukuambia kama ni nyuzi 45 au 60, na tofauti hiyo ndiyo inayoamua usalama wa mlaji. Ningependa kila kikundi cha wakulima kichangishane kinunue kipimajoto kimoja cha shina refu, kizunguke kwa zamu.

Mboji ikishaiva, ihifadhiwe mbali na banda na ifunikwe. Koleo lililochota samadi mbichi lisiiguse kabla ya kuoshwa, wala kuku wasiachwe waichakure, maana salmonela wachache wakirudi humo wakakuta unyevu, huweza kuzaliana upya.